Mzee Nzau Hajambo

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Barua kumi na moja leo. Tisa zimeanza na "Mpendwa Bwana Nzau". Bwana Nzau tulimzika Kitui tarehe kumi na saba Aprili, nikiwa nimesimama nyuma ya hema na viatu vimejaa matope, na mpaka leo anajibu barua zake kwa wakati. Anajibu vizuri kuliko alipokuwa hai. Mzee alikuwa na tabia ya kuchelewa.

Naandika humu, kurasa za nyuma za daftari la ofisi, kwa sababu kichwani mambo yameanza kuchanganyika. Jana nilijikuta nikisema "mimi Nzau" kwa sauti, peke yangu, nikisonga ugali.

Mambo yalivyo ni haya. Mzee Nzau, fundi mstaafu wa simu, alianzisha Baraza mwaka wa tisini na saba kwenye kompyuta hii hii, hapa ghorofani juu ya duka la vipuri, karibu na soko la Burma. Kila nchi ina herufi zake mbili kwenye mtandao, zile zinazokaa mwisho wa anwani, na lazima pawe na mtu wa kuzishika. Nchi nyingi maskini zimeshikiwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga huko. Mzee akasema wenye nchi nao wapate mahali pa kusemezana. Ndilo hilo Baraza — barua za e-mail tu. Kila barua inakuja kwangu kwanza, naisoma, naipitisha au naikataa, kisha inawafikia wote. Watu arobaini na watatu, nchi ishirini na sita. Wakigombana, Mwenyekiti anaamua. Na ile ofisi ya Amerika inayotunza kitabu cha majina ya nchi zote humsikiliza Mwenyekiti.

Mwenyekiti ni Mzee Nzau. Vidole ni vyangu, mimi karani wake.

Sikukusudia. Wiki ya mazishi barua zilirundikana, nikazipitisha. Mtu mmoja wa visiwa vya Pasifiki akashukuru: asante Bwana Nzau. Sikumsahihisha. Kwetu Kaloleni, kwenye nyumba za halmashauri ya jiji, hatusahihishi. Kadi ya kodi ya nyumba yetu ina jina la Baba, Ndeti, wa karakana ya reli, na Baba alikufa mwaka wa themanini na nane. Nyumba ya tatu kutoka kwetu, kadi ni ya marehemu. Ile ya kona, marehemu wote wawili, mume na mke. Ukienda kutangaza kwamba mwenye kadi amekufa, kesho utakuta mtu na godoro lake mlangoni. Kwa hiyo marehemu wetu ndio wapangaji watulivu kuliko wote Nairobi. Na mimi nilifanya nilichokuwa nikikiona tangu utotoni. Mtu akifa, jina linaendelea na kazi. Nilidhani dunia nzima iko hivyo.

Miezi minne sasa. Kutoka naona hakuna mlango.


Jumatano, 4 Agosti

Yule wa Pasifiki anauliza Mzee hajambo, mbona siku hizi haandiki vichekesho. Nimejibu: hajambo, ni macho tu yanamsumbua.

Nimempa marehemu ugonjwa wa macho. Mungu anisamehe.


Ijumaa, 6 Agosti

Yamekuwa. Nilijua yatakuwa, na bado nilipitisha ile barua kwa mkono wangu mwenyewe.

Wiki iliyopita mwanachama mmoja, Abukar, aliandika kuhusu herufi za nchi yao. Nchi haina serikali mwaka wa nane huu. Kwa kuwa hakuna serikali, bwana mmoja wa Uswisi ameziomba yeye. Anasema hazina mwenyewe. Anataka kuwauzia watu wa matangazo, na wala hafichi. Ofisi ya Amerika imesema: kama hakuna mtu mwingine wa kuaminika mpaka tarehe thelathini na moja Agosti, zinaenda kwake.

Abukar akapendekeza: Mzee Nzau azishike kwa amana mpaka nchi ipate serikali. Ni jirani, hana upande, watu wote wanamheshimu.

Leo kura zimekwisha. Thelathini na moja ndiyo, wanne hapana. Mmoja ameandika kwamba tangu Aprili hekima ya Bwana Nzau imezidi, ule uamuzi wa visiwa viwili vilivyogombania herufi hajaona mfano wake. Ule uamuzi niliuandika mimi siku nzima, nikala andazi moja tu. Nimesoma sentensi yake mara tano. Nilifurahi, kisha nikamwonea wivu marehemu, kisha nikaona aibu.

Sasa wanataka sahihi ya mtu aliye kaburini.

Nthambi, binti wa Mzee, amefunga mapema duka lake la fotokopi hapa chini. Kesho ni mwaka tangu bomu la ubalozi wa Amerika, na dada wa mumewe alikuwa mle ndani.


Jumanne, 10 Agosti

Amekuja mwenyewe!

Saa tano asubuhi, hodi. Mwanamume mrefu, miaka hamsini hivi, kofia nyeupe, mkoba wa ngozi kwapani. "Mimi Abukar. Wa barua." Nilijua yuko Nairobi, lakini mtu wa kwenye Baraza ni maandishi tu, hana miguu. Kumbe yuko Eastleigh, anauza vitambaa kwa jumla, na kompyuta ni ya binamu yake Hirad aliyehamia Kanada.

"Mzee yuko?"

"Yuko Kitui."

Huo, nauandika hapa, si uongo.

"Atarudi lini?"

"Hajasema."

Akakaa. Nikamtengenezea chai. Aliangalia kompyuta kama mtu aliyefika kwa wakwe. Akasema alitaka kumshika Mzee mkono, kwa sababu kitu kama hiki huombi kwa barua tu, utaonekana huna adabu.

Nikamwuliza — herufi mbili, Mzee Abukar, zote hizi za nini? Nilitaka aseme si kitu kikubwa. Nilitaka aniachie upenyo.

"Dada, mimi niko na watoto sita. Wawili wamezaliwa hapa. Nchi wanaona kwa kalenda. Kila kitu yetu imepigwa risasi, benki, shule, hata posta. Hizo herufi ndio hazijaguswa. Sasa mtu anakuja kuchukua auzie watu matangazo ya kamari. Nitaambia hawa watoto nini?"

Nikamwongezea chai. Aliacha mkebe wa halua, ya Mzee, akirudi. Nimeila na Nthambi. Ilikuwa tamu, hilo ndilo baya.


Jumatano, 11 Agosti

Nimemwambia Nthambi tutangaze. Nimesema ni baba yako, una haki, andika mistari miwili kwamba amefariki, mimi nitaipitisha.

Aliacha fotokopi ikipiga kelele yenyewe. Akasema hii laini ya simu iko kwa jina la Baba. Sanduku la posta, Baba. Leseni ya duka, Baba. "Laini ikikatwa nitangoja miaka saba nipate ingine. Faksi yangu itapitia wapi, dirishani? Wewe na hayo mambo yako ya majina, Mwelu, maliza polepole. Lakini Baba usimuue."

Nikamwambia amekwisha kufa.

"Kwako," akasema. Akarudi kwa fotokopi.


Jumapili, 15 Agosti

Nimemwambia Mama. Tumetoka kanisani, tumekaa nje kwenye ngazi, anachambua mbaazi. Hakushangaa hata kidogo.

"Umetia sahihi yake?"

"Bado."

"Mimi ya baba yako nimetia miaka kumi na moja. Mara ya kwanza nilimwaga wino. Sasa naijua kuliko yangu."

Nikamwuliza yake yeye inakaaje. Akafikiri, mbaazi mkononi. Akasema yake haijaulizwa na mtu.

Kisha akasema jambo ambalo nalifikiria mpaka sasa. Akasema ubaya si kutia sahihi. Ubaya ni kwamba ukishaanza huwezi kuhama. Ndugu yake alimwita Makueni mwaka wa tisini na mbili, shamba lipo, nyumba ipo. Hakwenda. Angeondoka, nani angekuwa Ndeti?

Miaka yote hiyo nilidhani Mama anapenda Kaloleni.


Alhamisi, 19 Agosti

Jibu la Amerika limekuja. Wamekubali uamuzi wa Baraza, lakini wanataka mawili. Fomu yenye sahihi ya Bwana Nzau, kwa faksi. Na watapiga simu ofisini Jumanne tarehe thelathini na moja, saa kumi na moja jioni kwa saa zetu, kuhakikisha.

Na yule wa Uswisi naye si mjinga. Ameandikia Baraza zima. Anauliza kwa upole: kati yenu, nani amewahi kumwona huyu Bwana Nzau? Au kusikia sauti yake?

Ningeweza kuikataa ile barua. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Lakini Mzee hakukataa barua hata moja kwa sababu haikumpendeza, na mimi pia sijafanya hivyo. Nikaipitisha. Nikakaa kungoja.

Wakanitetea! Watu kumi na saba. Mmoja anasema anamjua Bwana Nzau kwa maandishi yake, ni mtu mkweli kuliko wengi aliowashika mkono.

Nimeandika ungamo mara tatu. "Ndugu wanachama, kwa masikitiko makubwa..." Mara tatu nimelifuta. Nikisema kweli, yule wa Uswisi atasema kila uamuzi tangu Aprili ni batili. Maamuzi saba. Visiwa viwili vitarudi kugombana. Abukar atapoteza herufi zake, na atapoteza kwa sababu yangu. Nikinyamaza, naghushi. Nikiacha kazi, barua zitarundikana na watajua ndani ya wiki.

Nimepiga hesabu ya kila upande kama panya kwenye karai. Ukingo ni ule ule.


Jumatano, 25 Agosti

Jana jioni walikuja kutuhesabu. Nchi nzima inahesabiwa. Karani ni msichana mpole, fulana mpya ya serikali, chaki mkononi ya kuweka namba mlangoni.

Mkuu wa nyumba ni nani? Mama, bila kupepesa: Ndeti. Umri? Mama akahesabu kwa vidole. Sabini na mbili. Yuko? Ametoka, atarudi. Kazi? Mstaafu, reli.

Msichana akaandika yote. Kisha akanigeukia. Wewe ni nani wake? Binti. Kazi? Karani. Umeolewa? Hapana. Karani wa nani?

Nikasema, wa Mzee Nzau.

Kwa hiyo serikali ina taarifa kamili. Mtu wa miaka thelathini na minne, binti wa marehemu, mwajiriwa wa marehemu. Nilicheka mpaka Mama akanikanyaga mguu. Alipoondoka yule msichana nikaenda nyuma ya nyumba, penye kamba ya nguo, nikalia. Si kwa huzuni hasa. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani, maana walionibana wote wamekufa na walikuwa watu wazuri.


Ijumaa, 27 Agosti

Nimesema.

Abukar alikuja baada ya sala ya Ijumaa. Akauliza Mzee amerudi. Nilikuwa nimejipanga tangu asubuhi. Nikamwambia akae, nikafunga mlango, nikasema: Mzee Abukar, Bwana Nzau amefariki. Tangu Aprili. Barua zote baada ya hapo ni zangu.

Akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ukurasa wa matangazo ya vifo. Picha ya Mzee, ile ya tai pana. Tarehe kumi na tano Aprili.

"Mimi nafunga vitambaa na gazeti," akasema. "Mwezi wa tano nilikuwa nafunga ya mteja, nikaona huyu mzee. Jina, kazi, kila kitu. Nikasema inna lillahi. Nikaenda kwa kompyuta niandike pole. Nikakuta ameniandikia barua jana yake."

"Na ukanyamaza?"

"Nilingoja kuona ni nani. Nikasoma. Huyo mtu alikuwa anasoma barua ya kila mtu mpaka mwisho. Mpaka ya wale wajinga. Nikasema, basi, huyu anatosha."

"Lakini ulimpigia kura Nzau."

"Nilipigia yule anajibu barua."

Nilishindwa kumtazama. Tangu Aprili nimesifiwa kwa jina la mtu mwingine, na mtu wa kwanza kunisifu mimi mwenyewe alikuwa na sababu ya kufanya hivyo. Niliiona papo hapo. Kwa sababu alitoa fomu kwenye mkoba ule ule, imeshapigwa chapa, nafasi ya sahihi tupu.

Nikasema ni kughushi. Akasema, dada, serikali yetu imekufa mwaka wa nane, na kiti chake bado kiko pale kwenye mikutano ya dunia, na bendera. Hakuna anaita hiyo kughushi. Wanaita subira.

"Na nikikataa?"

"Ukikataa sitakutaja. Walahi. Nitaenda nyumbani tu." Akafunga mkoba. "Na Jumanne watapewa huyo mtu."

Angenitisha ningekataa. Hakunitisha.

Nimetia sahihi. Mzee alipokuwa hai alinifundisha sahihi yake siku za shinikizo la damu, kwa barua za kawaida, ile N yenye mkia. Wino haukumwagika hata tone. Nthambi ameipitisha kwenye faksi bila kusoma, kurasa mbili, akaandika kwenye daftari lake: faksi ya Baba.


Jumatatu, 30 Agosti

Imebaki simu. Abukar anasema yeye anaweza kuwa Nzau, kwa dakika mbili. Nimemwambia Mzee alikuwa Mkamba, na wewe ukisema "Baraza" mtu anasikia Mogadishu nzima. Tumecheka. Mmarekani atajua tofauti gani, akasema. Nimekataa. Nitasema Mzee anaumwa koo, hawezi kuongea.

Macho, sasa koo. Marehemu wangu anazidiwa.

Nimekaza nia: sahihi moja, na basi. Herufi zikishakuwa salama nitaandika lile ungamo na kulipitisha, liwe liwalo. Nimejiapia hivyo. Mama ameniuliza ninaapa nini peke yangu jikoni, nikasema sala.


Jumanne, 31 Agosti

Saa kumi na nusu. Nthambi ameshuka kwa wateja wake. Abukar yuko dirishani na chai ambayo hajainywa. Naandika ili mikono ipate kazi.

Saa kumi na moja kasoro tano. Nimenyanyua simu kuangalia kama iko hai. Iko.

Saa kumi na moja na dakika kumi na mbili.

Naandika haraka. Simu iko mezani, haijakatwa. Nimesema "one moment please" na nimeilaza chali.

Ni mama mmoja, sauti ya mtu mzima, mpole. Nilianza na koo la Mzee, akanikatiza, akasema hakuna haja ya kumsumbua, sahihi imefika, wameridhika. Wanamwandika leo. Nikamwonyesha Abukar kidole gumba, akafunga macho, midomo ikawa inatembea. Nikasema asante, nikawa nashusha simu.

Akasema, jambo dogo tu. Kila nchi wanaandika watu wawili. Wa pili ni wa kutafutwa wa kwanza asipopatikana. Fomu imeacha hapo wazi, na bila wa pili kitabu hakifungi. Akasema: nimesoma barua za ofisi yenu mwaka huu wote, na nahisi kuna mtu mwingine hapo anayefanya kazi nyingi. Ni wewe? Jina lako nani?

Hivyo tu. Jina lako nani. Nikajikuta nimesema. Mwelu Ndeti. Nikalitaja herufi kwa herufi, na nikalisikia likiandikwa huko, tapu tapu tapu, na Mungu anajua nililitaka. Sijawahi kutaka kitu hivyo.

Kisha akasema, vizuri sana Miss Ndeti. Sasa mwite Bwana Nzau. Hata kama koo linamuuma. Neno moja linatosha. Wa kwanza lazima aseme mwenyewe kwamba anamjua wa pili.

Nimemweleza Abukar kwa kunong'ona. Amesikiliza. Ameweka kikombe chini, amesafisha koo, amenyoosha mkono kuelekea simu, na sasa ananitazama akingoja niitikie kwa kichwa. Akisema neno hilo, niko kwenye kitabu kwa jina langu, na aliyenithibitisha ni maiti, na siku nitakapoungama nitalifuta la kwangu pia. Asiposema, hakuna wa pili, hakuna wa kwanza, na yule wa Uswisi yuko macho.

Yule mama bado yuko. Namsikia akikohoa, na kiti chake kinalia. Ameuliza kama tuko. Naendelea kuandika kwa sababu nikiweka kalamu chini itabidi nimtazame Abukar